Nyanya Huyu ni Binti wa Nani? Majina ya Wanawake Katika Nasaba

Wengi waliofunga ndoa ya serikali mjini Kampala wanalikumbuka jengo la Georgian House, barabara ya George, Nakasero, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makao ya ofisi ya usajili, URSB. Mwanamke aliingia mle kwa jina moja, na mara nyingi akatoka na kuanza kutumia jingine. Mtafiti wa nasaba akiyakuta majina hayo miaka hamsini baadaye, hudhani ni watu wawili.

Tuliwahi kuwapa wanafunzi wetu zoezi la kuchora mti wa ukoo. Upande wa kuumeni walifika mbali. Upande wa kukeni, nyanya wengi waliandikwa kwa majina ya waume zao, na mti ukakatika hapo. Kosa lilikuwa letu, kwani hatukuwaeleza jina lipi litangulie.

Desturi ya kuchukua jina la mume si ya asili kwetu. Miongoni mwa Waganda jina ni mali ya ukoo, na mwanamke hubaki katika ukoo wa baba yake hata akiolewa. Kimila, mtu haoi katika ukoo wake wala wa mama yake. Kwa hiyo kulipoteza jina la mama si jambo dogo. Sir Apolo Kagwa, katika kitabu chake cha 1901 kuhusu wafalme wa Buganda, aliwaorodhesha wake za wafalme pamoja na koo zao, kwani Kabaka alihesabiwa katika ukoo wa mama yake.

Pwani nako neno "binti" lilifanya kazi hiyo hiyo. Mwimbaji Siti binti Saadi, aliyefariki mwaka 1950, alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. "Siti" ni jina la heshima alilopewa baadaye. Jina la kwanza lilibadilika, lakini "binti Saadi" lilibaki.

Tumtazame pia Sarah Nyendwoha, mzaliwa wa Hoima, aliyehitimu Oxford mwaka 1954. Mwaka 1958 aliolewa na mchoraji Sam Ntiro kutoka Machame, Tanganyika. Anayemtafuta "Ntiro" miongoni mwa wahitimu wa 1954 hamwoni. Na anayelijua jina "Ntiro" pekee atampeleka Kilimanjaro badala ya Bunyoro. Anayeandika Sarah Nyendwoha Ntiro huziacha njia zote mbili wazi.

Tunapendekeza basi utaratibu huu. Litangulie jina la kuzaliwa, pamoja na ukoo. Yafuate jina la ubatizo na la ndoa, kila moja na mwaka wake na mahali lilipopatikana. Hati ya ndoa isipuuzwe, kwani humtaja baba wa bibi arusi. Empaako za Wanyoro na Watooro ziandikwe, lakini zisitumiwe kumtambulisha mtu, maana watu wengi huchangia empaako moja. Mtoto wa kulea aandikiwe wazazi wa damu na walezi, kwa mistari tofauti. Asinyimwe upande wowote.

Walimu wenzetu, tuuangalie na msamiati. "Jina la usichana" huashiria kwamba jina hilo lilikwisha usichana ulipokwisha. "Jina la kuzaliwa" ni sahihi zaidi, kwa mwanamke na mwanamume. Nanyi wanafunzi, mkienda likizo, msimuulize jajja jina lake tu. Muulizeni: wewe ni binti wa nani?