Probiotiki na tumbo linalosokota: Yafaa kujua nini kabla ya kununua

MKAZI wa Kitisuru, Nairobi, anayesumbuliwa na tumbo haendi mbali kutafuta probiotiki. Vidonge vyake huuzwa katika maduka ya dawa, nayo mala na mtindi hupatikana katika maduka makubwa. Je, vitu hivi humfaa mwenye maradhi ya utumbo yaitwayo IBS?

IBS hutambuliwa kwa maumivu ya tumbo ya mara kwa mara yanayoandamana na kuhara, kufunga choo au hali zote mbili kwa zamu. Aghalabu tumbo hujaa gesi, ilhali vipimo vya kawaida havionyeshi kidonda wala uvimbe.

Kwa mujibu wa fasili ya wataalamu wa FAO na WHO ya mwaka 2001, probiotiki ni vijiumbe hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humletea mtumiaji manufaa ya kiafya.

Jamii za Kenya zimegandisha maziwa tangu jadi. Wakalenjin wana mursik, Wamaasai wana kule naoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulibaini kwamba kule naoto hutawaliwa na bakteria wa kundi la Lactobacillus. Hata hivyo, chakula kuwa na bakteria hai si ithibati kwamba ni tiba. Manufaa hutegemea aina mahususi ya bakteria na kiasi chake. Aidha, mtindi ukichemshwa baada ya kuganda, bakteria hao hufa.

Wataalamu nao hawajaafikiana. Mwaka 2021, chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani, ACG, kilipendekeza probiotiki zisitumiwe kutibu dalili za IBS kwa jumla. Mwaka uo huo, wenzao wa Uingereza walisema huenda zikawasaidia baadhi ya wagonjwa, ila hawakutaja aina iliyo bora. Walishauri zijaribiwe kwa muda usiozidi wiki 12, na mgonjwa aache asipopata nafuu.

Anayetaka kujaribu basi na achague bidhaa moja, aandike dalili zake kila siku, na asiendelee kutumia pesa bila faida. Mwenye kinga dhaifu ya mwili amwone daktari kwanza.

Damu katika choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, au dalili zinazoanza baada ya umri wa miaka 50 si mambo ya kutulizwa kwa mtindi. Huenda ni saratani ya utumbo, na kila wiki ya kuchelewa ina gharama yake.