Jiandui: Andazi la ufuta linalompokea mgeni China

WATU wa jimbo la Guangdong, kusini mwa China, wana msemo wao wa siku nyingi: jiandui za mwisho wa mwaka, wenzangu wanazo, nami ninazo. Maana yake ni kwamba hata familia yenye kipato kidogo hujitahidi isikose kitafunwa hicho Mwaka Mpya unapoingia, ili mgeni asije akakuta sinia tupu.

Jiandui ni andazi la mviringo linalotengenezwa kwa unga wa mchele wa aina inayonata, sukari na maji. Ndani hutiwa maharage mekundu madogo yaliyopondwa na kusongwa kwa sukari, au mbegu za yungiyungi zilizosagwa. Kisha hugaragazwa kwenye ufuta na kukaangwa katika mafuta mengi.

Asili yake inaelezwa kuwa ni zama za utawala wa Tang, kati ya mwaka 618 na 907, ambapo ilikuwa chakula cha kasri katika mji mkuu wa Chang'an, ambao sasa ni Xi'an. Watu wa kaskazini walipohamia kusini walikwenda nayo, na huko ndiko ilikoota mizizi.

Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Siku chache kabla yake, familia za Guangdong hukusanyika kuteleka karai la mafuta. Kwa desturi, maneno ya mkosi hayatamkwi karibu na karai hilo. Jiandui zinazopatikana huwekwa mbele ya mizimu ya wahenga, hutandikiwa wageni na hupelekwa kwa jamaa.

Umbo lake la duara huashiria umoja wa familia, rangi yake ni ya dhahabu, na kule kuumuka kwake huchukuliwa kuwa dalili ya mali kuongezeka.

Hata hivyo, kuumuka huko ndiko kunakohitaji uangalifu. Maji yaliyomo kwenye donge hugeuka mvuke, na ganda linalonata huuzuia usitoke. Mpishi hulibonyeza andazi mara kwa mara kwenye ukingo wa karai ili litanuke sawasawa na kuwa wazi ndani. Moto ukizidi, ganda hukauka mapema, mvuke hukosa nafasi, na andazi laweza kupasuka na kumrushia mpishi mafuta ya moto.

Aidha, zipo aina tofauti. Ile ya Jiujiang, katika eneo la Foshan, ni bapa na hujazwa bisi za mchele, karanga na shira. Nchini Indonesia huitwa onde-onde na hutiwa choroko, wakati Wafilipino huiita buchi.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, uhusiano uko kwenye ufuta. China hununua ufuta mwingi kutoka Afrika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazouuza huko.

Siku hizi familia nyingi za mijini hununua jiandui madukani badala ya kukaanga zenyewe. Iwe ya dukani au ya nyumbani, hupendeza zaidi ikiliwa ya moto pamoja na chai, kwani ikilala ganda hunywea na kuwa gumu.