Konferansi gani ina nguvu zaidi? Hesabu inayofungwa kabla ya Noeli

Mwezi wa tatu mwaka wa 2025, konferansi moja ya vyuo vikuu vya Marekani, SEC, iliingiza timu 14 kati ya 16 zake katika mashindano ya mwisho ya NCAA ya mpira wa kikapu. Haikuwahi kutokea kabla. Juu ya hayo, Florida, mwanachama wake, ikachukua kombe kwa kuifunga Houston 65-63. Vijana wakasema basi, hiyo ndiyo konferansi kali kuliko zote katika historia. Wazee wa mchezo wanakataa: kwao hakuna kama Big East, ile ya Georgetown alikochezea Dikembe Mutombo wetu kuanzia 1988 hadi 1991. Ubishi ni mtamu, lakini kabla ya kushika upande tuangalie kwanza mizani yenyewe.

Konferansi inafanana kidogo na antante zetu za mpira: ni kundi la timu zinazocheza zenyewe kwa zenyewe na kupata bingwa wao. Kule Marekani daraja la kwanza lina vyuo zaidi ya 350 na konferansi zaidi ya 30. Hawawezi kukutana wote. Bingwa wa kila konferansi anaingia moja kwa moja, na nafasi zinazobaki zinagawanywa na kamati. Ndiyo sababu sifa ya kundi lako inaweza kukuokoa au kukuzika.

Zamani haikuwa hivyo, kwa sababu konferansi ilikuwa na nafasi moja tu. Mwaka wa 1974 fainali ya konferansi ya ACC ilikutanisha North Carolina State na Maryland, timu mbili kati ya zile bora kabisa za nchi nzima. North Carolina State ilishinda 103-100 baada ya muda wa nyongeza, ikaendelea hadi ikachukua ubingwa wa Marekani. Maryland ilibaki nyumbani. Watu waliona wazi kwamba timu iliyopoteza siku ile ilizidi nyingi zilizoingia. Mwaka uliofuata idadi ya timu ilipanda hadi 32, na konferansi ikaruhusiwa kupeleka zaidi ya mmoja. Hapo ndipo swali la nani ana kundi gumu likawa swali la kazi. Halikuwa tena la kupigia soga.

Mwaka wa 1981 ikaja hesabu iliyoitwa RPI. Ushindi wako mwenyewe ulikuwa asilimia 25 tu. Ushindi wa wapinzani wako ulikuwa asilimia 50, na wa wapinzani wa wapinzani wako asilimia 25. Angalieni vizuri: robo tatu ya alama yako ilitegemea watu wengine! Timu ya kati katika kundi tajiri iliweza kupoteza mechi baada ya mechi na bado kuonekana nzuri, maana aliyemfunga naye alikuwa mkubwa.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Timu za konferansi mbalimbali zinakutana hasa mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Kuanzia mwezi wa kwanza kila mmoja anacheza na ndugu zake, na hapo kila ushindi wa mmoja ni kushindwa kwa mwingine. Jumla ya kundi haipandi wala haishuki sana. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2024, SEC iliishinda ACC mechi 14 kati ya 16. Nadhani siku zile ndizo zilizozaa zile nafasi 14. Hata hesabu mpya ya NET, iliyoiondoa RPI mwaka wa 2018, haikubadilisha hilo.

Sasa tulinganishe. Big East, iliyoundwa mwaka wa 1979, ilikuwa na timu tisa mwaka wa 1985. Sita ziliingia, na tatu zikafika katika nne za mwisho: Georgetown, St. John's na Villanova, iliyochukua kombe. Mwaka wa 2011 jina lilikuwa lilelile, lakini wanachama walikuwa 16. Waliingia 11, na ni wawili tu waliofika katika 16 bora. Mmoja wao, Connecticut, alikuwa ameshinda mechi tisa na kupoteza tisa ndani ya konferansi. Akachukua ubingwa wa nchi. Mwaka wa 2021 Big Ten iliingiza tisa, Michigan peke yake ikafika 16 bora. Kuhesabu walioingia ni kuhesabu maoni ya kamati. Mimi naipa taji Big East ya 1985: theluthi moja ya kundi katika nusu fainali, hilo SEC haijalifikia.

Tena kuna pesa. Karibu kila mechi ambayo timu inacheza katika mashindano hayo inailetea konferansi yake fungu la karibu dola milioni 2, linalolipwa kwa miaka sita. Mwaka wa 2022 Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote, akiwa Kentucky, ndani ya SEC. Katika mechi ya kwanza walikutana na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kutoka konferansi ya MAAC. Oscar alifunga pointi 30 na kunyakua mipira 16 chini ya kikapu. Saint Peter's ilishinda 85-79. Ilicheza mechi nne kabla ya kutolewa, ikajaza sanduku la wenzake wa MAAC.

Mwaka wa 2024 timu kumi kati ya 12 ziliihama Pac-12. UCLA, yenye ubingwa 11, kumi kati yake chini ya kocha John Wooden, iliingia Big Ten, na sasa inavuka bara zima kucheza mechi ya konferansi huko New Jersey. Makombe yale 11 yote yalipatikana kabla ya kuhama, na katika orodha za historia ya Big Ten hayamo.