Maeneo ya wazi ya jamii (Msata)

Ni ardhi inayoachwa bila majengo kwa ajili ya michezo, mikutano, kivuli na mapumziko ya watu wote. Msata, kata iliyo katika Halmashauri ya Chalinze, mkoani Pwani, ipo pale barabara ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo inapokutana na barabara kuu ya Chalinze–Segera. Njia panda huvuta maduka na nyumba, na kiwanja cha watoto ndicho rahisi kumegwa.

Kinga ya maeneo haya ipo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji hupendekeza ardhi ya matumizi ya pamoja, mkutano mkuu wa kijiji huidhinisha, kisha eneo huandikwa kwenye rejista. Kupanda miti na kufagia ni kazi njema, lakini kiwanja kisichoandikwa hakina mtetezi.

Utetezi wa wananchi nao huzaa matunda: Nairobi, Kenya, mwaka 1989, mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya umma ya Uhuru Park, nalo halikujengwa. Msitu wa Karura jijini humo, ulionusurika kugawiwa wajenzi, sasa hutunzwa na serikali pamoja na chama cha wananchi.

Mkazi wa Msata, hudhuria mkutano wa kijiji, uulize kama kiwanja chenu kimeandikwa.