African Queen: Vita ya Tanganyika Iliyopigwa Picha Kongo na Uganda

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zenye mizinga. Kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Waingereza walijibu kwa boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba huko Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe ilizamishwa na Wajerumani walipokimbia Kigoma. Baadaye iliinuliwa, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Kisa hicho kilimpa mwandishi Mwingereza C. S. Forester msingi wa riwaya yake ya mwaka 1935, The African Queen. Alibuni fundi wa mashua na dada wa mmisionari, wanaoteremka mto Ulanga ili wailipue meli ya Kijerumani ziwani. Msomaji wa Tanzania atashtuka hapo, maana Ulanga wa kweli humwaga maji yake Rufiji, na Rufiji huelekea Bahari ya Hindi.

Studio za Hollywood zilikaa na riwaya hiyo kwa miaka mingi bila kuitengenezea filamu. Hatimaye mtayarishaji Sam Spiegel alinunua haki zake, akamkabidhi John Huston kazi ya kuiongoza. Humphrey Bogart, aliyemwigiza fundi, hakuweza kuiga lafudhi ya mtu wa London kama ilivyo riwayani, kwa hiyo fundi huyo akafanywa Mkanada.

Kwa nini Huston alisisitiza kuja Afrika, wakati desturi ya Hollywood ilikuwa kujenga misitu ndani ya studio? Wapo wanaosema shabaha yake ilikuwa kuwinda tembo, na mwandishi Peter Viertel, aliyeshiriki kuandika mswada, alitunga riwaya nzima juu ya tamaa hiyo. Uwindaji ulimvutia kweli. Hata hivyo, naona sababu hiyo peke yake haitoshi. Huston alikuwa tayari amepiga picha Mexiko kwa ajili ya filamu yake ya 1948, akaona jinsi jua na vumbi halisi vinavyombadilisha mwigizaji.

Mwaka 1951 kundi lilipiga kambi kando ya mto Ruiki huko Kongo, karibu na Ponthierville, mji ambao leo ni Ubundu. Mashua ilikuwa ndogo mno kubeba kamera ya Technicolor na watu wake, hivyo walijenga mfano wake juu ya chelezo. Chelezo cha pili kilibeba taa, cha tatu jenereta, na cha nne chumba cha kuvalia cha Katharine Hepburn, aliyemwigiza dada wa mmisionari. Msafara huo ulikuwa mzito kuburutwa mtoni, na chumba cha Hepburn kikaachwa. Kisha mashua ikazama, na wenyeji wakaitoa majini kwa kamba na nguvu za mikono. Filamu inaanza kwa orodha ndefu ya majina. Ya watu hao hayamo, nayo yalistahili kuwamo.

Walipohamia Uganda, pande za Butiaba na maporomoko ya Murchison, ugonjwa wa tumbo uliwaangusha wengi. Hepburn, aliyekunywa maji kwa wingi, alipiga onyesho la kanisani ndoo ya kutapikia ikiwa karibu. Bogart na Huston walibaki wazima, na simulizi maarufu huisifu wiski. Maelezo hayo yana ukweli nusu. Bogart alikula pia vyakula vya makopo, na aliyeepuka maji machafu pamoja na chakula cha jiko la kambi alikwepa njia mbili za maradhi kwa pamoja.

Matukio ya kuingia majini yaliachwa hadi London, kwa kuhofia maradhi ya mtoni. Huko ndiko Bogart alikobandikwa ruba za mpira, baada ya kukataa ruba hai alizozitaka Huston.

Katika riwaya, mashua inazama kabla ya kufika shabaha na meli ya adui inaangamizwa na boti za jeshi la Uingereza. Huston aliwapa ushindi mashujaa wake wawili. Filamu ilionyeshwa mwishoni mwa 1951, na Machi 1952 Bogart akapata Oscar yake ya pekee.