Jengo la Mahakama Kuu, Kampala

Leo twende Kampala mjini, kwenye mteremko wa Nakasero, juu kidogo ya ule uwanja ambao wazee bado wanauita City Square. Pale kuna jengo la zamani lenye nguzo mbele. Ndiyo Mahakama Kuu ya Uganda. Sisi tuliotoka Kongo tunasema tribinali. Huku utasikia korti. Ni kitu kilekile.

Mahakama hiyo ilianzishwa na Waingereza mwaka 1902. Nguzo zile ni za mtindo wa Ulaya, na kwa maoni yangu mkoloni alitaka mtu aingie akiwa ameshaogopa. Ndani pia jaji amekaa juu, mshtakiwa yuko kizimbani, watu wengine wako nyuma kwenye mabenchi.

Mwaka 1971 Idi Amin alimteua Benedicto Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu, mwananchi wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka uliofuata askari walimkamata Mwingereza mmoja. Mawakili wakaomba amri ya mahakama kwamba mfungwa aletwe mbele ya jaji, na aliyemshika aeleze kwa nini. Kiwanuka akaamua kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata, aachiliwe. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo hilo wakamtoa ofisini mwake. Hakuonekana tena. Jamaa zake hawakupata mwili wa kuzika. Wengi wenu mnaosikiliza mnajua hilo lina uzito gani, sihitaji kueleza.

Silaha zilirudi pale Novemba 2005, baada ya washtakiwa wa kesi ya uhaini kupewa dhamana, na tena Machi 2007. Safari hiyo ya pili majaji waligoma.

Kwa nini nakusimulia haya wewe uliye kambini? Kwa sababu ile amri aliyoitoa Kiwanuka bado ipo. Katiba ya 1995 inasema haki ya kuiomba haiwezi kuondolewa, na kwamba aliyekamatwa kwa kosa apelekwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Kifungu hicho hakikuandika "raia". Kiliandika "mtu". Ndugu yako akishikwa, andika saa aliyoshikwa na jina la kituo, kisha umtafute mwanasheria.