Usambazaji wa mbegu za miti ya asili Tumbe, Pemba

Usambazaji wa mbegu ni kuhama kwa mbegu kutoka kwenye mti mzazi. Mche unaoota chini ya mzazi wake hukosa jua, na wadudu wanaoushambulia mti ule huumaliza upesi. Tumbe, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Pemba, kimezungukwa na minazi, mikarafuu na mashamba. Msitu mkubwa wa asili uliobaki ni wa Ngezi, upande wa magharibi. Mti wa asili unaochipuka wenyewe mbali na msitu huwa umeletwa na upepo au na mnyama.

Mti mmoja wa pwani unaosambazwa na upepo ni msufi-mwitu. Tumba lake likikauka hupasuka na kutoa sufi ya rangi ya kahawia-nyekundu, na ndani yake mmefungwa mbegu ndogo. Kimo cha mti ndicho mtaji wake: kadiri sufi inavyotokea juu, ndivyo inavyokaa hewani muda mrefu. Hata hivyo upepo hauchagui pa kutua, na kisiwani mbegu nyingi huishia baharini.

Mkuyu na jamaa zake hutegemea walao matunda. Mbegu zao ni ndogo kama chembe za mchanga. Hupita tumboni na kutoka zingali hai. Kinyesi kikidondoka kwenye ufa wa ukuta wa kale, kama zile kuta za mawe za magofu ya Chwaka karibu na Tumbe, mche huota hapohapo na mizizi kuteremka ikitafuta udongo. Lakini si kila mla tunda ni msambazaji. Ninga wa Pemba, asiyepatikana kwingine duniani, ni wa jamii ya njiwa ambao baadhi yao husaga mbegu kwenye firigisi.

Mla matunda mwingine ni popo. Popo wa Pemba, naye wa kisiwa hiki tu, hufikia upana wa mabawa wa mita 1.6. Hukamua tunda mdomoni, hunywa maji yake na kutema makapi. Mbegu ndogo humezwa na kudondoshwa njiani usiku. Kwa kuwa huvuka mashamba bila kuhitaji kivuli cha msitu, ndiye kiungo muhimu kati ya Ngezi na miti iliyotawanyika vijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uwindaji ulikuwa umempunguza mno. Ulinzi uliowashirikisha wanavijiji umemrudisha kwa maelfu.

Mikoko mingi ya ufukweni hutumia njia nyingine kabisa: mche wake huanza kuota ungali mtini, kisha huanguka na kuchukuliwa na maji.